Juu ya kucheza kati ya mapigo: Misa Luba na miguu yetu

Mwaka jana, katika sikukuu ya parokia moja ambayo sitaitaja jina, nilikuwa mmoja wa mapadri waliozunguka altare wakati wa Gloria, kama inavyofanyika katika liturjia yetu ya Kongo. Kinanda cha umeme kilipiga, bateri ilipiga, mikono ilipiga, miguu ilipiga, na vyote vilipiga mahali pamoja: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Karibu na nguzo alisimama mama mmoja mzee ambaye namjua kama mchezaji hodari. Aliinua mguu mara moja, akaushusha, kisha akatulia. Baada ya Misa nikamwuliza: «Mama, mbona leo hukucheza?» Akanijibu: «Baba, nafasi ya kucheza ilikuwa wapi? Kila mahali mulikuwa mumekwisha kupapiga.»

Ndugu wasomaji, neno hili la mama limenisumbua kuliko mahubiri mengi. Maana ni kweli. Tulikuwa tumefanya defile ya sikukuu ya taifa mbele ya altare ya Bwana, tukaiita ngoma ya kwetu. Wala haikutokea katika parokia ile tu. Ninaposafiri ninaiona mahali pengi, na mara nyingi zaidi pale ambapo korali imepata pesa ya kununua vyombo vikubwa. Kwa hiyo nataka niseme maneno machache juu ya jambo ambalo katika seminari zetu hatulifundishi, yaani kucheza kati ya mapigo: kuweka sauti, mkono au bega pale ambapo mguu haupo.

Wafaransa huita jambo hilo contretemps, kitu kinachokwenda kinyume cha wakati, na katika lugha yao neno hilohilo lina maana pia ya bahati mbaya au kizuizi kisichotazamiwa. Jina hilo haliwezi kutusaidia sana. Anayelisikia atadhani kwamba kuna wakati ulio sawa, na kwamba mchezaji wetu anaupinga kwa makusudi, kama mtoto mkaidi. Nitaonyesha kwamba sivyo.

Lakini kwanza niungame. Wako watu wanaosema kwamba Mwafrika huzaliwa na ngoma katika damu. Wengine husema hivyo kwa kutusifu, wengine kwa kutudharau. Mimi ni Mwafrika, baba na mama wote wawili, na nilifika seminari kubwa bila kujua kucheza. Nililelewa mjini, shuleni tulijifunza kutembea kwa mstari, kanisani nilikuwa mhudumu wa altare, na mhudumu mwema alikuwa yule asiyetikisika. Jambo hili halimo katika damu. Hufundishwa, na asiyefundishwa halijui, awe mtoto wa Kamina au mtoto wa Antwerp.

Aliyenifundisha alikuwa mzee katekista, katika mwaka wangu wa majaribio kati ya filosofia na teolojia. Aliniona nikijaribu kucheza pamoja na vijana siku ya Jumapili. Jioni akaja kwenye baraza ya nyumba ya mapadri, akasema: «Fratri, unakimbilia ngoma. Ngoma haikimbiliwi.» Nikadhani ataleta ngoma. Hakuleta kitu. Aliniambia: «Tembea.» Nikatembea uani, kwenda na kurudi, kama mpumbavu. «Sasa imba, lakini usiache kutembea.» Nikaimba. «Sasa piga makofi, lakini upige pale mguu ukiwa hewani.»

Hapo ndipo nilipoanguka. Kwa hatua tano au sita nilifaulu. Kisha mkono ulianza kuvuta mguu kidogo kidogo, mpaka mguu ukashuka pamoja na kofi, na sikutambua. Mzee alicheka sana. «Tazama, ulitoka kwenda kumsalimu jirani, na sasa umehamia kwake.» Akanirudisha mwanzo. Jioni ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Kila mara nilikuwa nafikiri kwamba mkono ndio unaokosea, nikaukazia macho mkono. Kumbe mkono ulikuwa mzima, mguu ndio uliokuwa dhaifu. Mguu wangu haukuwa na imani ya kushuka peke yake mahali pasipo sauti.

Waseminari wapenzi, jambo lote liko hapa. Anayecheza kati ya mapigo hapingi pigo kubwa. Yeye ndiye anayelishika kwa nguvu kuliko wote, maana analishika bila kusaidiwa na chombo chochote. Anayehitaji ngoma imwonyeshe kila hatua hawezi kutoka kwenda katikati, kwa sababu akitoka hajui njia ya kurudi. Kwa hiyo kujifunza hakuanzi na kofi la katikati. Kunaanza na hatua isiyopigwa na mtu.

Nawaomba sasa mwende pamoja nami Kamina, mahali ambapo jambo hili liliingia katika Misa na kusikika ulimwenguni kote. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha pale mwaka 1954 korali ya wavulana wapata 45 pamoja na walimu wao 15, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao, Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka uleule walisafiri Ulaya, wakaimba katika Maonyesho ya Brussels, na sahani yao ya muziki ilienea nchi nyingi. Tusisahau kwamba katika mwaka 1903 Papa Pius X alikuwa amekataza ngoma kanisani pamoja na piano na vyombo vingine vya kelele. Miaka 55 tu ilipita kati ya agizo lile na ngoma za Kamina.

Maneno ya Misa hiyo ni Kilatini, lakini mwendo wake ni wa Baluba. Kyrie inafuata namna ya kasala. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana. Hosanna inakuja na mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai. Mengi katika Misa ile hayakuandikwa kwanza na kuimbwa baadaye. Waimbaji waliyapata kwa kuimba pamoja, kama tunavyofanya msibani au harusini.

Nimeisikiliza sahani hii mara nyingi, na nasema bila kuogopa kwamba Hosanna yake inaweza kuwafundisha wana-korali wetu kuliko vitabu. Fanyeni jaribio hili. Isikilizeni mara ya kwanza mkiwa mmekaa. Mtasikia ngoma nyingi, na mtasema: ni nzuri, lakini zinakimbia. Kisha simameni, mtembee polepole mahali pamoja, mkitafuta mwendo ambao miguu yenu haichoki, na muisikilize mara ya pili. Vitu havikimbii tena. Kila ngoma inapata mahali pake, kama watu waliokaa kuzunguka moto. Muziki haukubadilika hata kidogo. Kilichoongezwa ni miguu yenu, nayo ilikuwa chombo kilichokosekana.

Na hapa ninayo lawama dhidi ya sahani hii, ingawa naipenda. Inakupa sauti, inakupa ngoma, lakini miguu haiingii katika sahani. Korali ile ilipelekwa ili isikilizwe. Wazungu waliketi kwenye viti vya ukumbi, wakasikiliza, wakapiga makofi mwishoni. Waliyoyasikia yalikuwa ni sehemu ya katikati bila nyumba yake, na kitu kisicho na nyumba huonekana kama kitu cha porini. Ushahidi upo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitoa filme iitwayo if...., juu ya wanafunzi wa bweni wanaoasi shule yao. Kijana mkubwa wa filme hiyo anapiga sahani ya Missa Luba tena na tena chumbani mwake, ile Sanctus hasa. Kwa yeye ni sauti ya uhuru na ya kuvunja sheria. Filme ni kazi ya ustadi, sisemi vingine. Lakini fikirini: wimbo wa Waluba wa kuagana, uliofanywa kuwa wimbo wa malaika mbele ya kiti cha Mungu, umesikika kama mlio wa maasi! Siwezi kumlaumu kijana yule. Alikuwa amelala kitandani. Hakuna aliyemwambia atembee.

Wataalamu nao walipotea njia hiyohiyo, ingawa kwa bidii kubwa. A. M. Jones, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa miaka mingi katika nchi iitwayo leo Zambia, alitoa mwaka 1959 kitabu kikubwa juu ya muziki wa Afrika. Alifanya kazi na Desmond Tay, mpigaji ngoma wa Waewe wa Ghana, akitumia mashini iliyoandika kila pigo kwenye karatasi. Tunamshukuru, maana alituheshimu kiasi cha kutuhesabu vizuri. Lakini alipoandika, alimpa kila mpigaji mistari yake mwenyewe ya kugawanya wakati, kana kwamba watu watano wamekaa pamoja na kila mmoja ana saa yake. Mghana Kofi Agawu, katika maandiko yake tangu mwaka 1995, amewapinga wanaotazama muziki wetu hivyo. Anasema tutazame wachezaji, kwani katika miguu yao pigo lililo la wote linaonekana wazi. Nilipomsoma nilimkumbuka mzee wangu wa barazani, ambaye hakusoma kitabu chochote cha muziki.

Chukueni mfano wa kengele ya Waewe, ambayo Jones aliiandika. Hesabuni moja mpaka kumi na mbili, kwa mwendo ulio sawa, kisha mrudie bila kusimama. Pigeni kofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Mkishaizoea, wekeni hatua kwenye 1, 4, 7 na 10. Mtaona kwamba mkono na mguu vinakutana kwenye 1 na kwenye 10 tu. Kwenye 4 na 7, mguu unashuka na kengele imenyamaza. Mtu asiye na hatua ndani yake atasikia kengele hii kama mawe yanayoanguka kutoka gari. Mwenye hatua ataisikia kama maneno ya mtu anayezungumza naye. Nimewajaribisha vijana kumi wa korali yangu: saba walihama nyumba kabla ya kufika mzunguko wa tatu, nao ni watoto wa hapahapa. Ukuta wao ni ule wa 4. Mguu unafika pale, unakuta kimya, unaogopa, unakimbilia kofi la 5.

Kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya ni ya ngoma tu na hayahusu masomo yetu matakatifu, nitawakumbusha Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini. Katika vitabu vyake juu ya muziki alifundisha kwamba kimya kinachopimwa ni sehemu ya kipimo: mahali pasipo sauti panahesabiwa pamoja na mahali penye sauti, na roho ndiyo inayopahesabu. Yeye alikuwa anasema juu ya mashairi ya Kilatini. Lakini sijaona maelezo bora kuliko hayo juu ya namba 4 na namba 7 za kengele ile. Vilevile wale waliosoma nyimbo za Gregori kwa namna ya Solesmes wanajua maneno arsis na thesis. Wanayatumia kila siku, na pengine wamesahau kwamba kwa Kigiriki cha kale ni maneno ya mguu: kuinua na kushusha. Wagiriki nao walianza na miguu. Basi tusione haya.

Nitasikia mapadri wengine wakisema: Padri, unataka kutuletea baa kanisani. Hofu hiyo naijua, wala siicheki. Sebeni ya gitaa ikianza baada ya komunyo, kuna wakati viuno vya watu vinasahau mahali vilipo. Rumba ya Kongo ni mali yetu, na tangu Desemba 2021 UNESCO imeiandika kati ya urithi wa wanadamu. Hata hivyo si kila kilicho urithi wetu kina nafasi mbele ya tabernakulo. Lakini tuangalie vizuri kosa liko wapi. Yule anayegeuza Misa kuwa baa, nimemtazama mara nyingi: anacheza ili aonekane. Anaangalia nani anamwangalia. Na dawa ambayo tumempa ni ipi? Tumemweka kwenye mstari, tukampa pigo moja la nguvu, kushoto na kulia, tukadhani tumeleta heshima. Kumbe naye mwenye kutembea kwa mstari anacheza ili aonekane, nguo zimefanana, mikono imeinuka pamoja, na simu za watu zinapiga picha. Tumebadilisha onyesho moja kwa onyesho lingine.

Roma ilikwisha kusema juu ya hili kwa akili nyingi. Maagizo juu ya liturjia na utamaduni yaliyotolewa Januari 1994 yanakubali kwamba kwa mataifa mengine kuimba huenda pamoja na makofi, kuyumba na kucheza, na kwamba mambo hayo yana nafasi katika liturjia, ikiwa tu ni sala ya kweli ya jumuiya na si maonyesho matupu. Tazameni neno jumuiya. Kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilikuwa imekubali Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, tunda la kazi ya maaskofu wetu, na Kardinali Malula wa Kinshasa mbele yao. Baba Mtakatifu Fransisko aliongoza Misa kwa namna hiyo katika Basilika ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Ruhusa tunayo basi. Ruhusa haifundishi miguu.

Mchezo wa kati ya mapigo ni wa jumuiya kwa namna ambayo defile haiwezi kuwa. Katika defile watu mia wanafanya kitu kimoja. Ukiondoa tisini hakuna kinachoharibika, ila ukubwa. Katika ngoma ya wazee, mmoja anaweka pale ambapo mwingine ameacha. Mama wa kayamba anangoja nafasi kati ya hatua za watu. Mwimbaji anaingia nyuma kidogo ya ngoma. Ngoma kubwa inanyamaza mahali ambapo miguu ya wote inashuka, kwa sababu inajua kwamba itashuka. Kunyamaza kwake ni kuwaamini watu. Ukiondoa mmoja, nafasi yake inasikika. Na ukileta mashini inayojaza nafasi zote, umewaambia watu wote kwamba hawahitajiki. Ndiyo maana mama yule alisimama karibu na nguzo.

Sichukii vinanda vya umeme. Nimeviona vikipigwa na vijana wenye heshima, ambao huacha nafasi. Ninachokataa ni kile kitufe kinachoanzisha ngoma ya mashini, na kijana akaenda kunywa maji huku ikiendelea.

Na katika seminari zetu? Tuna saa za kuimba, tuna saa za kujifunza kushika turibulo na namna ya kuinama. Mambo hayo ni mema. Lakini padri mpya anatumwa kuzunguka altare kwa kucheza, na hakuna hata siku moja aliyofundishwa kutembea na kuimba pamoja. Matokeo yake tunayaona: ama anatikisa kichwa kwa aibu, ama anaruka kupita vijana. Ningeomba kitu kidogo, jioni moja kwa juma, bila ngoma, uani, na mzee au mama mmoja wa parokia awe mwalimu. Professa apumzike.

Jumamosi iliyopita nilijaribu na korali yangu. Nilizima kinanda. Nilimwomba mpigaji wa ngoma kubwa aache pigo la kwanza katika kila mzunguko, tuone. Tulianza Gloria kutoka mlango wa sakristia, wote tukitembea, na mpaka kwenye ngazi za altare tulikuwa pamoja. Tulipogeuka kuizunguka, nusu ya watu walipotea, mimi mmoja wao, wengine wakasimama wakicheka. Mama yule alikuwa amekuja, hakuna aliyemwita. Alitupita katikati bila kutuangalia, mguu chini, kofi juu, akamaliza mzunguko peke yake, akafika mbele, akageuka na kusema: «Haya, tangu mwanzo.»